Mtaro Ulioporomoka Embakasi: Nani Alikuwa na Mamlaka ya Kusimamisha Kazi?

Ajali inayochambuliwa hapa ilitokea katika saiti ya nyumba za ghorofa za kupangisha upande wa Embakasi, mashariki mwa Nairobi, asubuhi moja katika msimu wa mvua za masika. Kibarua kijana alifukiwa na udongo hadi kifuani ndani ya mtaro wa bomba la majitaka, akatolewa akiwa hai, lakini akiwa amevunjika paja na mfupa wa nyonga. Majina ya wahusika, ya mwanakandarasi na ya mtaa wenyewe yameachwa, kwa kuwa dai la fidia bado halijaamuliwa, na kwa kuwa mambo yaliyoileta ajali hii hayakuwa ya saiti ile peke yake. Mtu yeyote aliyefanya kazi ya mjengo katika upande ule wa jiji atayatambua.

Kinachonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu ni kwamba hatari yenyewe ilikuwa imekwisha kuonekana. Mchimbaji mzoefu aliiona, akaisema, na aliposhikiliwa aendelee akapanda juu na kukataa kurudi. Haikupita saa moja kabla ya mtu mwingine kushushwa mahali pale pale alipotoka, na huyo ndiye aliyefukiwa. Kwa hiyo ninachokitafuta katika uchambuzi huu ni sababu iliyofanya kuijua hatari kusitoshe kuizuia.

Udongo, kina na bei ya mita

Mtaro ulianzia kwenye chemba iliyo nyuma ya jengo ukaelekea barabarani lilipo bomba kuu, mwendo wa mita 30 hivi. Majitaka hutiririka kwa mteremko tu, na kwa hiyo kina cha mtaro hakichaguliwi na mchimbaji. Huamuliwa na kimo cha bomba kuu linalounganishwa. Karibu na jengo kina kilikuwa mita 1.2, na mtaro ulipofika karibu na lango la mbele ulikuwa umefikia mita 2.4, kina kinachompita mtu mrefu aliyesimama wima. Upana wake ulikuwa sentimita 70 kutoka juu hadi chini, na kuta zake zilichongwa wima kabisa.

Udongo wa upande ule ni mfinyanzi mweusi ambao watu wa ujenzi huuita udongo wa pamba, na tabia yake ni tofauti sana na ile ya udongo mwekundu wa Karen na sehemu nyingi za magharibi mwa jiji. Unapolowa huvimba, na unapokauka husinyaa na kupasuka nyufa ambazo nyingine huweza kupitisha mkono wa mtu. Ukiwa mkavu huwa mgumu kiasi cha kuirudisha sururu juu, na ukuta uliochongwa ndani yake husimama siku nzima bila kumomonyoka hata kidogo. Hapo ndipo unapowadanganya watu, kwa maana ugumu huo ni wa kitambo. Nyufa zilizofunguliwa na jua huwa njia ya maji ya mvua kuingia ndani ya ukuta, na maji hayo huongeza uzito wa udongo wakati ule ule yanapoupunguzia mshiko. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa huwa na uzito wa kati ya tani moja na nusu na tani mbili. Kipande cha ukuta chenye urefu wa mita mbili, kimo cha mita mbili na unene wa nusu mita tu hufikia tani tatu hadi nne, na kinapoanguka huanguka chote kwa mara moja.

Mtaro huo ulikaa wazi siku tano, kwa sababu mabomba yaliyotarajiwa mwishoni mwa juma hayakufika. Siku mbili za kwanza zilikuwa za jua kali, kisha ikanyesha usiku, kisha jua likarudi, kisha mvua kubwa ikaja usiku wa kuamkia ajali. Kwa udongo wa pamba ni vigumu kupanga hali ya hewa mbaya kuliko hiyo. Hakuna aliyefunika kingo kwa turubai, na hakuna aliyechimba mfereji mdogo wa kuyaelekeza maji ya mvua mbali na mtaro, ingawa kazi zote mbili zingemalizwa na vibarua wawili kabla ya chai ya saa nne.

Udongo uliochimbwa ulilundikwa ukingoni, na sababu yake inapatikana katika namna kazi ilivyolipwa. Mwanakandarasi mkuu alikuwa ameitoa kazi ya mtaro kwa kandarasi ndogo, na malipo yalihesabiwa kwa kila mita ya urefu iliyokamilika. Mtaro wa upana wa sentimita 70 na kina cha mita 2.4 hutoa mita za ujazo 1.68 za udongo kwa kila mita ya urefu. Kama kuta zingelazwa kwa mteremko wa nyuzi 45 kila upande, kama inavyofanywa mara nyingi katika udongo usioaminika, udongo wa kutolewa ungefikia mita za ujazo 7.44 kwa kila mita, yaani zaidi ya mara nne, na bei ingebaki ile ile. Kuusogeza udongo mbali na ukingo nako kunahitaji mtu wa kuupokea na kuubeba kwa karai au kwa toroli, na mtu huyo hakuwamo katika bei. Aliyeandika mapatano yale hakuandika popote kwamba kuta zisimame wima wala kwamba lundo likae ukingoni, lakini bei aliyoiweka ilikuwa imekwisha kuamua yote mawili kabla sururu ya kwanza haijagusa ardhi.

Ni haki kuongeza kwamba kulaza kuta hakukuwezekana katika sehemu kubwa ya kiwanja kile, hata kama mtu angekubali kulipia. Mtaro wa kina cha mita 2.4 wenye kuta zilizolazwa kwa nyuzi 45 huhitaji upana wa mita 5.5 juu, ilhali uchochoro kati ya jengo na ukuta wa jirani ulikuwa na mita tatu na ushee, na huko mbele mtaro wa upana huo ungeliziba lango la malori ya mawe. Nyumba za kupangisha za Nairobi hujengwa hivyo, ukuta kwa ukuta, na hali hiyo haibadiliki kwa sababu ya mtaro. Njia iliyobaki ilikuwa kuzikinga kuta kwa mbao na nguzo za kukingama.

Asubuhi ya ajali

Saa moja asubuhi upande wenye kina kirefu ulikuwa umejaa maji kiasi cha kumfika mtu kiunoni. Pampu ndogo ya petroli iliwashwa na maji yakaisha upesi. Watu wengi huamini kwamba mtaro uliokaushwa umekuwa salama zaidi, lakini katika udongo wa mfinyanzi mambo huwa kinyume chake. Maji yaliyosimama mtaroni huzisukuma kuta kutoka ndani na kuziegemeza kwa kiasi fulani, na yanapotolewa kwa haraka kuta hubaki zimelowa, zikiwa nzito, na zikiwa zimenyang'anywa egemeo hilo. Saa chache baada ya kupiga pampu ndizo za kuogopwa zaidi.

Mchimbaji mmoja wa makamo, ambaye kila mtu pale humwita Mzee kwa sababu amechimba mitaro na mashimo ya vyoo Eastlands yote tangu ujana wake, aliukagua ukingo kabla ya kushuka. Aliona ufa mrefu uliokwenda sambamba na mtaro, nusu mita hivi kutoka ukingoni, upande uliokuwa na lundo la udongo. Ufa wa namna hiyo huonyesha kwamba kipande cha ukuta kimekwisha jitenga na ardhi iliyo nyuma yake na kinashikiliwa na sehemu ya chini tu. Alimwita msimamizi wa kandarasi ndogo akamwonyesha.

Kwa maelezo ya waliokuwapo, mazungumzo yao yalikuwa mafupi. Mzee alisema, "Msimamizi, hapa pamekatika. Leo hapaingiliki." Msimamizi akamjibu, "Mzee wangu, zimebaki mita mbili tu. Malizia, mabomba yako njiani." Mzee alishuka, akapiga sururu mara chache, akapanda tena na kusema kwamba harudi. Akaambiwa kwamba asiyefanya kazi hana siku. Alichukua koti lake akaondoka bila malipo.

Nje ya lango walikuwa wamesimama vijana waliokosa nafasi asubuhi hiyo, kama ilivyo kwenye lango la karibu kila mjengo jijini, wakingoja kama kuna atakayeitwa. Kijana mmoja aliitwa. Alikuwa amewahi kufanya kazi pale siku kadhaa katika majuma yaliyotangulia, akibeba mawe na kuchanganya saruji, lakini hakuwa amewahi kuchimba mtaro wenye kina kile. Alipewa gambuti, kofia ngumu na koti la kung'aa. Jina lake halikuingizwa kitabuni, kwa kuwa karani alikuwa amekwisha kufunga orodha ya siku. Habari ya ufa hakuambiwa na mtu yeyote, wala sababu ya nafasi ile kuwa wazi. Ngazi haikuwapo, kwa hiyo alishuka kwa kukanyaga vishimo vilivyochongwa ukutani.

Saa tatu kasoro lori lililobeba mawe ya Ndarugo lilirudi nyuma kuingia langoni, likasimama upande ule ule wa ufa, nyuma tu ya lundo la udongo. Kabla ya jiwe la kwanza kushushwa, ukuta ulikatika kwenye ufa ule na kuanguka pamoja na sehemu ya lundo. Kijana alikuwa ameinama, na alipojaribu kuinuka alibanwa kwenye ukuta wa pili, udongo ukiwa umemfika kifuani.

Kofia yake ngumu ilibaki kichwani muda wote. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa saiti nyingi hununua kwanza vitu vinavyoonekana kutoka langoni, yaani kofia, makoti ya kung'aa na bango la usalama, na mkaguzi anayepita kwa gari huridhika. Kofia humkinga mtu dhidi ya tofali linalodondoka na ni lazima ivaliwe. Dhidi ya tani tatu za udongo zinazokuja kutoka ubavuni haina msaada wowote, na vivyo hivyo koti na gambuti. Vifaa vya kuvaa huja mwisho katika mpangilio wa kinga, baada ya hatari yenyewe kuondolewa, au kupunguzwa, au kutengwa na mtu.

Namna alivyotolewa

Vibarua watatu walirukia mtaroni mara moja kumfukua kwa mikono. Moyo wao haulaumiki, lakini katika ajali za mitaro ukuta wa pili huanguka mara nyingi, na wanaofukiwa safari hiyo ni waokoaji. Mtu mmoja alileta kamba akitaka kijana afungwe kwapani na kuvutwa na lori. Mwingine alikuwa akipiga simu kuita mashine ya kuchimbia kutoka saiti ya jirani. Yote mawili yangeweza kumuua. Mwili uliofukiwa hadi kifuani hauvutiki, na kamba iliyofungwa kwenye lori ingemkwanyua uti wa mgongo na nyonga iliyokwisha vunjika. Meno ya mashine nayo hayatofautishi udongo na mguu.

Aliyeyazuia hayo ni seremala wa mbao za slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Aliamuru lori lizimwe na lisisogezwe, akawaondoa watazamaji ukingoni, akawatoa wale watatu, kisha akaagiza mbao ndefu na nguzo ziletwe. Mbao zilisimamishwa kwenye kuta zote mbili, nguzo zikakatwa na kugongewa kati yake zikingame, na baada ya hapo ndipo watu wawili waliposhuka na kuanza kumfukua kwa mikono na makarai, wakianzia kifuani. Walianzia kifuani kwa sababu ndipo hatari ya haraka ilipokuwa: kila mara mtu aliyefukiwa anapotoa pumzi kifua hupungua, udongo hujaza nafasi iliyoachwa, na pumzi inayofuata huwa fupi kuliko iliyotangulia, hadi inafika mahali ambapo hana nafasi ya kuvuta hewa ingawa uso wake uko wazi.

Kukinga kuta kulimchukua seremala muda usiozidi nusu saa. Mbao na nguzo zenyewe zilikuwa zimelala hatua chache kutoka mtaroni, zikingoja slabu ya ghorofa ya tatu. Niliposikia maelezo haya kwa mara ya kwanza nilishikwa na uchungu mkubwa kuliko niliopata kwa sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki. Mbao zilikuwapo, misumari ilikuwapo, na fundi aliyejua kuzifunga alikuwa akilipwa siku hiyo hiyo na mwanakandarasi yule yule. Hoja kwamba kinga ya kuta ni ghali haiwezi kusimama mbele ya ukweli huo.

Kijana alitolewa baada ya saa moja na nusu hivi, akalazwa juu ya ubao na kupelekwa hospitalini kwa gari dogo la mizigo. Hakuna aliyekuwa amepiga 999 wala 112, kwa maana kila mtu alidhani mwenzake amepiga. Waliompeleka walieleza kwamba amevunjika mguu. Ni muuguzi aliyeuliza alibanwa kwa muda gani. Swali hilo lina uzito. Msuli uliobanwa kwa muda mrefu huanza kufa, na unapoachiliwa huingiza potasiamu na mabaki yake katika damu, vitu vinavyoweza kuusimamisha moyo au kuziharibu figo saa kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa anazungumza na ndugu zake kitandani. Yeyote anayempeleka hospitalini mtu aliyefukiwa aseme mambo mawili kabla ya mengine yote: alifukiwa hadi wapi, na kwa muda gani.

Mamlaka ya kusema "leo hapana"

Kanuni za kiufundi za kazi hii si siri. Nchini Marekani kuta za mtaro ni lazima zikingwe au zilazwe kuanzia kina cha futi 5, yaani mita 1.5 hivi, na udongo uliochimbwa usikae karibu na ukingo kwa chini ya futi 2. Kwa kipimo hicho robo tatu ya mtaro wa Embakasi ulihitaji kinga. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unahusu usalama katika ujenzi, na kifungu chake cha 19 kimewekwa mahsusi kwa ajili ya uchimbaji. Kenya yenyewe ina kanuni za usalama wa kazi za ujenzi tangu 1984, na juu yake Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka mwenye mahali pa kazi awalinde wote wanaofanya kazi hapo, na inayotaka kamati ya usalama iundwe palipo na wafanyakazi 20 au zaidi. Saiti hii ilikuwa na watu zaidi ya 30. Kamati haikuwapo.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mfanyakazi aripoti kwa msimamizi wake jambo lolote analoona kwa sababu za haki kwamba lina hatari kubwa ya karibu kwa uhai au afya, na inamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi huyo mahali hapo hadi hatua za kurekebisha zichukuliwe. Inakataza pia mfanyakazi kufukuzwa au kubaguliwa kwa sababu ya kulalamikia usalama. Ukisoma vifungu hivyo ukimfikiria Mzee, utaona kwamba alitimiza wajibu wake wote. Aliona, akaripoti, akajitoa.

Sasa tazama kilichotokea baada ya yeye kujitoa. Hatari haikupungua hata chembe. Ilihamishiwa kwa mtu aliyekuwa na ujuzi mdogo zaidi, ambaye hakuuona ufa na hakuambiwa, na ambaye alikuwa na kila sababu ya kutouliza. Katika kiwanda chenye wafanyakazi wa kudumu, mtu anayekataa mashine mbovu huacha pengo ambalo mwajiri hawezi kulijaza upesi, na pengo hilo humlazimisha aitazame mashine. Katika mjengo wa Nairobi pengo hujazwa kwa kumpungia mkono kijana aliye langoni. Haki ya mtu mmoja kukataa, ninavyoiona mimi, inakuwa kinga dhaifu mno palipo na foleni ya wanaohitaji siku, na kuitegemea peke yake ni kuuacha mzigo wa usalama kwa watu wenye njaa kuliko wote saitini.

Nimewasikia wengi wakimtupia lawama zote yule msimamizi wa kandarasi ndogo. Lawama anayo, na maneno yake kwa Mzee hayana utetezi. Hata hivyo, ukifuata ngazi za mamlaka saiti ile asubuhi ile, unakuta kwamba meneja wa saiti alikuwa kwenye mradi mwingine wa kampuni yake upande wa Thika Road. Mhandisi hufika mara moja kwa juma na mtaro haukuwa katika ratiba yake. Mwenye jengo alipiga simu kila jioni kuuliza majitaka yataunganishwa lini. Na msimamizi mwenyewe alilipwa kwa kile kinachobaki baada ya kuwalipa vibarua, kwa hiyo kila saa ya kungoja ilitoka mfukoni mwake. Aliachiwa uamuzi wa kusimamisha kazi mtu ambaye, kati ya wote, ndiye angepoteza zaidi kwa kuisimamisha. Mamlaka ya aina hiyo ni ya jina tu.

Kilichohitajika ni mapatano ambayo hayautegemei ujasiri wa mtu yeyote. Taarifa ya ufa, ikitolewa na mchimbaji yeyote, iufunge mtaro wenyewe kwa kila mtu, si kwa aliyetoa taarifa peke yake, na mtu anayeruhusiwa kuufungua awe mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye ujuzi wa udongo, ambaye malipo yake hayahesabiwi kwa mita. Mtu huyo aukague mtaro kila asubuhi kabla ya kuingiwa, na tena baada ya kila mvua na kila mara pampu inapotumika, na aandike sahihi yake na saa. Aliyetoa taarifa alipwe siku yake kamili, hata kama ikagunduliwa kwamba ufa haukuwa na madhara. Sharti hili la mwisho hupingwa sana na wanakandarasi, kwa hofu kwamba vibarua watageuza kila mpasuko kuwa siku ya mapumziko. Sijaona jambo hilo likitokea katika saiti zilizolijaribu, na hata likitokea mara moja, siku ya kibarua mmoja ni shilingi mia kadhaa. Kinga ya kuta nayo iandikwe katika mapatano ya kandarasi kama kazi inayojitegemea, yenye bei yake, ili asiyeifanya aonekane hajaifanya.

Kuhusu uandikishaji, mtu asishuke mtaroni kabla jina lake halijaingia kitabuni na kabla hajaonyeshwa ukingo kwa macho yake. Jambo hili ni dogo kwa karani, lakini kwa kijana huyu limekuwa chanzo cha tabu yake ya pili.

Fidia

Siku chache baada ya ajali upande wa kandarasi ndogo ulidai kwamba kijana hakuwa mfanyakazi wao na kwamba alishuka mtaroni kwa hiari yake. Mwanakandarasi mkuu naye alisema kwamba vibarua wa mtaro ni wa kandarasi ndogo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, agharamie matibabu na usafiri wa aliyeumia, na aiarifu ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba tangu alipoijua. Fomu ya kuarifu ajali, DOSH/WIBA 1, ambayo mwajiri hujaza sehemu ya kwanza na daktari sehemu ya pili, haikuwa imejazwa na mwajiri hadi ndugu za kijana walipokwenda wenyewe katika ofisi ya kazi kuuliza.

Kukosekana kwa jina kitabuni hakukuwaangusha. Kijana alikuwa na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya siku alizofanya kazi pale awali, uliotoka katika namba ya simu ya msimamizi yule yule. Seremala na vibarua wawili walikubali kuandika walichokiona. Na picha iliyopigwa wakati wa uokoaji inamwonyesha akiwa na kofia na koti la saiti. Ningemsihi kila kibarua asifute ujumbe wa malipo katika simu yake, hata wa shilingi mia tano, kwa sababu mara nyingi hiyo ndiyo karatasi pekee ya ajira aliyonayo.

Kiasi cha fidia hutegemea mshahara na kiwango cha ulemavu wa kudumu. Sheria inaanzia kwenye mapato ya miezi 96, kisha inachukua asilimia iliyothibitishwa na daktari. Kwa mfano, mtu anayelipwa shilingi 700 kwa siku kwa siku 26 za mwezi hupata shilingi 18,200, na akipimwa kuwa na ulemavu wa asilimia 15 fidia yake huwa shilingi 262,080. Kwa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi kabisa huku akitibiwa, anastahili malipo ya mara kwa mara kwa muda usiozidi miezi 12. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, ni wazi kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi na hayapelekwi moja kwa moja mahakamani, na asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 60 za kuweka pingamizi. Dai lenyewe ni lazima liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, na wengi hulipoteza kwa kungoja ahadi za mdomo za mwajiri hadi muda unapita.

Dai la kijana limewasilishwa ndani ya muda. Asilimia ya ulemavu haiwezi kupimwa kabla mfupa wa nyonga haujaunga na daktari hajaona kama mguu utabaki mfupi, na ni juu ya Mkurugenzi kuamua nani kati ya wanakandarasi wawili alikuwa mwajiri wake asubuhi ile. Mtaro ulimaliziwa siku chache baada ya ajali, kuta zikiwa zimekingwa kwa mbao, na kazi ilichelewa kwa siku mbili. Mzee ametoa maelezo yake kwa maandishi juu ya ufa alioukuta, saa aliyouonyesha, na aliyemwonyesha. Siku yake hajalipwa.